LUGHA YA KUJIBU: MASWALI YA WAANDISHI WA HABARI NA MAJIBU YA SERIKALI ZA MITAA, KWA KUTAZAMA MATETE, KAKAMEGA

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wataalamu wa siasa na wa uandishi wa habari, nalo ni jinsi viongozi wa serikali za mitaa wanavyojibu maswali ya waandishi wa habari kuhusu maji, barabara, zahanati, basari za wanafunzi na mambo mengine ya jamii. Rai yangu ni kwamba jambo hili linatuhusu sisi wanaisimu pia. Swali ni umbo la lugha na jibu ni umbo la lugha. Mara nyingi mwananchi hukosa habari si kwa sababu kiongozi amekataa kusema, bali kwa sababu amesema kwa maumbo yasiyoweza kubeba habari iliyoulizwa.

Mahali ninapopatazama ni Matete, katika Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Sentensi za mifano nimezitunga mwenyewe, kama ilivyo desturi ya wanasarufi, kwa kufuata mitindo isikikayo kila siku redioni na kusomwa magazetini. Hazimlengi kiongozi wala ofisi yoyote ya Matete wala ya kwingineko.

2. Mahali, mabaraza na lugha

Matete ni kaunti ndogo iliyo upande wa kaskazini wa Kaunti ya Kakamega, ikipakana na Kaunti ya Bungoma. Katika sensa ya mwaka 2019 ilihesabiwa kuwa na watu 66,172, idadi iliyo ndogo kuliko ya kaunti ndogo nyingine zote za Kakamega. Wadi zake, Chevaywa na Lwandeti, zimo katika eneo bunge la Lugari. Wakazi wengi ni Watachoni na Wakabras, ambao lahaja zao ni za Kiluhya, na kazi yao kubwa ni kilimo, hasa cha mahindi na miwa.

Historia ya serikali za mitaa katika eneo hili ni ya kupewa na kunyang'anywa. Wakoloni waliunda mabaraza ya wenyeji kwa sheria ya mwaka 1924. Baada ya uhuru mabaraza ya kaunti yalisimamia shule za msingi, afya na barabara, hadi sheria ya mwaka 1969 ilipoyarudisha majukumu hayo kwa serikali kuu. Katiba ya mwaka 2010 ilileta ugatuzi, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza ya zamani yalikoma, yakafuatwa na serikali za kaunti. Leo anayeulizwa swali Matete aweza kuwa mwakilishi wadi, msimamizi wa wadi, msimamizi wa kaunti ndogo au afisa wa idara fulani huko Kakamega mjini. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imeweka pia baraza la kijiji, lenye msimamizi na wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano.

Neno 'baraza' lenyewe limebeba historia hii. Pwani ni kibaraza cha nyumba ambapo watu huketi na kuzungumza; katika vitabu ni mkutano wa washauri; lakini kwa mkulima wa bara nchini Kenya 'baraza' kwanza ni mkutano wa chifu, ambapo serikali husema na raia husikiliza. Hivyo mwandishi wa habari anayesimama barazani na kuuliza anaigeuza njia ya maneno, kwani wakati huo ni serikali inayopaswa kusikiliza kwanza.

Sheria imekwisha kuikubali njia hiyo mpya. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 196 inakataza Bunge la Kaunti kuwafungia nje wananchi au vyombo vya habari, isipokuwa katika hali za pekee zenye sababu za haki. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kwa kawaida inampa afisa siku 21 za kujibu. Kwa hiyo raia wa Matete anayo haki ya kuuliza kwa Kiswahili. Sheria, hata hivyo, haiwezi kuamuru muundo wa sentensi atakayojibiwa nayo, na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

3. Swali na pengo lake

Kila swali la kutaka habari lina pengo. Katika 'Nani alijenga daraja?' pengo ni mtenda. Katika 'Daraja litajengwa lini?' pengo ni wakati. Jibu ni maneno yanayolijaza pengo hilo, na maneno yasiyolijaza, hata yakiwa matamu na ya kweli, ni hotuba tu. Tutazame maswali manne juu ya jambo moja:

(1) Basari za muhula huu zitatolewa lini, na kwa wanafunzi wangapi?
(2) Mheshimiwa, wananchi wangependa kujua kuhusu suala la basari.
(3) Mheshimiwa, unawaambia nini wananchi wanaolalamika kuhusu basari?
(4) Mbona basari hazijatolewa?

Swali la (1) lina mapengo mawili yanayoonekana, na msikilizaji yeyote ataweza kutambua kama yamejazwa. Sentensi ya (2) haina pengo lolote. Kwa umbo ni taarifa, na neno 'kuhusu' limeufungua mlango kiasi kwamba sentensi yoyote yenye neno 'basari' itapita. Kiongozi akisema kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, atakuwa amesema jambo linalohusu basari.

Swali la (3) ni la hatari zaidi kwa sababu linaonekana kali. Pengo lake ni 'nini', lakini ni yambwa ya kitenzi 'kuambia'. Mwandishi ameomba maneno, naye atapewa maneno: 'Nawaambia wawe na subira.' Kwa kipimo cha sarufi jibu hilo ni kamili, na mwandishi hana haki ya kulalamika kwamba hakujibiwa. Mtindo huu umeenea sana katika mahojiano, na nadhani umefanya madhara makubwa kuliko ukimya wa viongozi.

Katika (4) neno 'mbona' si sawa na 'kwa nini', ingawa kamusi nyingi huyaweka pamoja. 'Kwa nini' huuliza sababu. 'Mbona' huuliza sababu huku likionyesha mshangao au lawama, kwamba jambo halikuwa kama ilivyotarajiwa. Aliyelaumiwa hujitetea, wala hatoi habari. Basi mwandishi anayeanza kwa 'mbona' asishangae akijibiwa kwa 'hata serikali iliyopita'.

4. Jibu lisilojaza pengo

4.1 Kauli za kitenzi

Tuchukue swali lenye pengo la mtenda: 'Nani alichelewesha kazi ya bomba la maji?' Kiswahili kinamwezesha anayejibu kuchagua daraja baada ya daraja:

(5) a. Mkandarasi alichelewesha kazi.
b. Kazi ilicheleweshwa na mkandarasi.
c. Kazi ilicheleweshwa.
d. Kazi ilichelewa.

Katika (5a) na (5b) pengo limejazwa. Katika (5c) mtenda hatajwi, lakini kauli ya kutendwa yakiri kwamba yupo, na mwandishi aliye macho aweza kuuliza, 'Na nani?' Katika (5d) mtenda ametoweka kabisa. Kazi ndiyo iliyochelewa, kana kwamba ilikuwa na miguu yake yenyewe ikajikongoja njiani. Akiuliza 'na nani' baada ya (5d), mwandishi ataonekana hajui lugha.

Kauli ya kutendeka ina tabia hiyo hiyo. Twaweza kusema 'Bomba lilivunjwa na tingatinga', lakini hatuwezi kusema 'Bomba lilivunjika na tingatinga' kwa maana ya kumtaja mtenda. Wanasarufi wameeleza tangu zamani kwamba kauli hii hutazama hali ya kitu bila kumtazama aliyeisababisha. Ndiyo maana 'imeshindikana', 'haikuwezekana' na 'zimepotea' hupendwa sana katika majibu ya ofisi, pamoja na vitenzi kama 'kukwama' na 'kuchelewa' ambavyo tangu asili havihitaji mtenda.

Hapa ni lazima tuwe waadilifu. Kauli ya kutendeka haikuumbwa kwa ajili ya hila. Bomba huweza kuvunjika kwa kutu pasipo mtu kuligusa, na anayesema 'limevunjika' basi asema kweli. Umbo moja hutumika kwa ukweli na kwa ukwepaji. Kinachoyatenganisha ni swali lililotangulia. Kama swali lilikuwa 'Bomba lina hali gani?', jibu 'Limevunjika' ni halali. Kama swali lilikuwa 'Nani alilivunja?', jibu hilo hilo limelikimbia pengo. Hivyo uchambuzi wa jibu peke yake, bila swali lake, hautoshi.

4.2 Kiambishi hu-

Tuchukue swali la tukio moja, 'Kwa nini wananchi wa wadi hii hawakuitwa kwenye mkutano wa makadirio ya fedha?', na jibu hili:

(6) Serikali hushauriana na wananchi kabla ya kupanga bajeti.

Kiambishi hu- hakichukui kiambishi cha nafsi, wala hakilifungi tendo na wakati maalumu. Husema desturi. Aliyeulizwa juu ya siku moja amejibu juu ya siku zote, na desturi haikanushwi kwa tukio moja. Mwandishi akimwonyesha kwamba wananchi hawakuitwa, (6) bado yaweza kusimama. Hii ndiyo sababu kiambishi hu-, ambacho katika methali kina hekima nyingi, katika mahojiano kinahitaji kutazamwa kwa jicho kali.

4.3 Sharti lisilo na mwenyewe

(7) Barabara itatengenezwa fedha zikipatikana.
(8) Idara ya barabara itaanza kuitengeneza Machi 3, endapo Bunge la Kaunti litapitisha bajeti ya ziada kabla ya Februari 20.

Sentensi zote mbili zina sharti, na sharti si kosa, kwa kuwa serikali haiwezi kutumia fedha zisizoidhinishwa. Tofauti yake ni kubwa hata hivyo. Katika (7) kitenzi 'itatengenezwa' hakina mtenda, 'zikipatikana' hakina anayepaswa kuzipata, na hapana tarehe. Ahadi hiyo haiwezi kuvunjwa, maana haina mtu wa kuivunja wala siku ya kuvunjika. Katika (8) kuna watenda wawili na tarehe mbili. Februari 21 mwandishi aweza kurudi na swali jipya, na hata mkulima asiyesoma gazeti aweza kuihesabu siku hiyo.

4.4 Nafsi 'tu-'

Kiambishi tu- hakitenganishi 'sisi pamoja na wewe' na 'sisi bila wewe', kama zifanyavyo baadhi ya lugha za dunia. Afisa akisema 'Tutakaa tulitazame jambo hili', mwananchi aweza kudhani naye ataitwa kuketi, na afisa akawa na maana ya ofisi yake peke yake. Dawa ni kuuliza mara moja, 'Nani na nani?'

5. Wakati katika Kiluhya na katika Kiswahili

Jibu lililotolewa Matete halikomi katika Kiswahili. Makadirio na mipango ya kaunti kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza; afisa huyaeleza kwa Kiswahili; mwandishi huyapeleka katika gazeti kama Taifa Leo, au huyageuza kwa Kiluhya kwa ajili ya kituo kama Mulembe FM. Katika safari hiyo ya pili kuna shida ambayo haijazungumzwa vya kutosha.

Lahaja za Kiluhya, kama lugha nyingine nyingi za Kibantu, hutofautisha wakati uliopita kwa umbali wake. Jambo lililotendeka karibuni na lililotendeka zamani huweza kuchukua maumbo mbalimbali ya kitenzi. Kiswahili sanifu hakifanyi hivyo. Kiambishi -li- hutumika kwa asubuhi ya leo na kwa zama za mababu. Sasa tuseme afisa amejibu:

(9) Serikali ilitenga fedha za zahanati hiyo.

Kwa Kiswahili sentensi hii haina kosa. Mtangazaji wa Kiluhya, hata hivyo, hawezi kuitafsiri bila kuchagua umbali. Je, fedha zilitengwa juzi, au mwaka wa fedha uliopita, au miaka mitano iliyopita? Kitenzi chake kitamlazimisha kusema jambo ambalo afisa hakulisema, na kama hakuuliza, atakisia. Msikilizaji wa Lwandeti ataipokea hiyo kisio kama habari. Baadaye afisa atamlaumu mtangazaji kwa kupotosha, na mtangazaji atamlaumu afisa kwa kubadili maneno. Wote wawili watakuwa na haki kiasi, kwa sababu kosa lilizaliwa katika pengo la wakati lililoachwa wazi.

Funzo ni kwamba katika Kiswahili wakati wa tukio hauna budi kukamilishwa kwa kielezi au tarehe. Atumiaye -li- bila tarehe mbele ya watu wenye lugha za namna hii amewaachia nusu ya kazi yake.

6. Istilahi zinazoziba njia

Kuna pia shida ya maneno yatokayo katika Kiingereza cha ofisi. Kiingereza husema kwamba idara 'imefyonza' fedha zake, yaani imezitumia kwa kazi zilizopangwa, nayo ni sifa. Afisa akitafsiri neno kwa neno na kusema 'Tumefyonza fedha zote', msikilizaji atafikiri amesikia mtu akikiri wizi, maana kwetu mfyonzaji ni mnyonyaji. 'Tumetumia fedha zote tulizopangiwa' ingetosha.

Neno 'ushirikishwaji' lina jambo la kutufunza pia. Kushiriki ni tendo la mwananchi mwenyewe. Kushirikisha ni kumfanya ashiriki. Kushirikishwa ni kufanywa na mwingine ashiriki. Tunaposema 'ushirikishwaji wa umma' mahali pa 'ushiriki wa umma', viambishi viwili vidogo vimemwondoa mwananchi katika nafasi ya mtenda na kumweka katika nafasi ya mtendwa, akingoja kuitwa. Sidai kwamba waliolieneza neno hili walikusudia hivyo. Nasema tu kwamba mofolojia yake imesema zaidi ya walivyokusudia.

Ama 'changamoto', limekuwa kikapu cha kila kitu. Deni lisilolipwa ni changamoto, dawa zisizokuwepo ni changamoto, mvua ni changamoto. Anayejibu 'Kuna changamoto' ametumia kitenzi cha kuwepo kisicho na mtenda, pamoja na nomino isiyo na mpaka. Hapo hapana budi kuuliza, 'Ipi?'

7. Pingamizi

Yaweza kusemwa kwamba ukwepaji ni suala la tabia wala si la sarufi, na kwamba asiyetaka kusema hatasema hata akifundishwa viambishi vyote. Hilo ni kweli kwa upande wa anayejibu. Lakini jibu lina wasikilizaji, na msikilizaji anayelitambua umbo la ukwepaji haridhiki nalo upesi. Aidha, si kila anayekwepa anakusudia. Maafisa wengi wamejifunza mitindo hii wakiidhani ndiyo Kiswahili fasaha cha ofisini, na baadhi yao walijifunza kutoka kwetu.

Pingamizi la pili ni la adabu. Watu husema kwamba kumtaka mzee au mheshimiwa ajibu moja kwa moja ni utovu wa heshima. Nami naiheshimu desturi ya kusema kwa mzunguko, ambayo ina mahali pake katika posa, katika msiba na katika usuluhishi. Hata hivyo heshima hukaa katika maamkizi, katika sauti na katika namna ya kumwita mtu, na yote hayo hayazuii tarehe. Sentensi 'Samahani, sina hesabu hiyo hapa. Nitakuletea Ijumaa asubuhi' ni ya adabu kamili, tena imejaza pengo, maana imesema nani, nini na lini.

Pingamizi la tatu ni kwamba kuna mambo ambayo afisa haruhusiwi kuyasema. Ni kweli, na sheria ya mwaka 2016 imeyataja, kama usalama wa taifa na siri za maisha ya mtu binafsi. Lakini sheria hiyo inamtaka anayekataa atoe sababu. 'Siwezi kutaja majina ya wagonjwa kwa sababu ni siri yao' ni jibu kamili, na lina faida zaidi kuliko 'Jambo hilo linashughulikiwa'.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba lugha ya majibu ya serikali za mitaa inaweza kuchunguzwa kwa zana tulizo nazo tayari, yaani kauli za kitenzi, viambishi vya wakati na nafsi, na mofolojia ya nomino. Kiswahili hakikosi njia ya kujibu waziwazi. Kinazo njia za kujibu na njia za kukwepa, nasi kwa muda mrefu tumefundisha zote kama orodha ya maumbo bila kuwaambia wanafunzi kila umbo linamfanyia nini mwenye kuuliza.

Ningependekeza zoezi moja kwa idara zetu. Mwanafunzi achukue swali na jibu lake kutoka redioni, aonyeshe pengo la swali, aeleze kama limejazwa, kisha aliandike upya jibu hilo bila kubadili ukweli wake, akitumia kauli yenye mtenda, tarehe na kiasi. Pale asipoweza kuliandika upya kwa kukosa habari, aandike swali la pili ambalo mwandishi angalipaswa kuuliza. Zoezi hili lafaa kwa walimu, kwa watangazaji na kwa makarani wa kaunti, maana wengi wao hupitia madarasa yetu kabla ya kupewa kalamu au kipaza sauti.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mkulima wa Chevaywa aliyeambiwa kwamba bomba litatengenezwa fedha zikipatikana atarudi mtoni na ndoo yake bila kujua amngoje nani wala mpaka lini. Aliyeambiwa idara ipi, siku ipi na kwa sharti lipi atarudi mtoni na ndoo hiyo hiyo, lakini anayo siku ya kurudi ofisini kuuliza tena.